Mke Mwenza Anayevuja Mafuta

Mama yangu alikuwa na mke mwenza. Alikuwa mwekundu, ana magurudumu manne na kiti cha chuma kilichofunikwa gunia, na kila jioni baba alimwogesha kwa mpira wa maji kabla hajaja nyumbani kuoga yeye mwenyewe.

"Mwenzangu keshaoga?" mama alikuwa anauliza baba akiingia mlangoni.

"Keshaoga, kalala."

"Basi na mimi nipewe haki yangu. Kaa nikupakulie."

Mzaha huo waliufanya miaka ishirini na sita na kila siku walicheka. Mimi nilipokuwa msichana ulikuwa unaniudhi. Sasa ningetoa chochote niusikie tena.

Mke mwenza huyo alikuwa trekta dogo la kukatia nyasi, mali ya hospitali, na baba alikuwa mkata nyasi wa hospitali. Jina lake la kazi lilikuwa Kinyozi. Madaktari walimwita hivyo, wauguzi, hata wagonjwa waliolazwa mpaka wakazoeleka. Alisema yeye anawashinda vinyozi wa mjini kwa sababu wateja wake hawageuzi shingo ovyo, na hakuna aliyewahi kurudi kudai kanyolewa upande.

Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyempangia. Mbele ya wodi ya watoto alikata asubuhi na mapema, kwa sababu watoto walipenda kuliona trekta dirishani. Mbele ya wodi ya wazazi hakuwasha injini kabla ya saa nne, alisema wale wamekesha wakifanya kazi kubwa kuliko yake. Karibu na chumba cha maiti alizima kabisa, akashuka, akakata kwa fyekeo kama kuna watu wamesimama. Na kwenye uwanja mkubwa, mahali ndugu wa wagonjwa wanapokaa na vikapu vyao wakisubiri saa ya kuona wagonjwa, hakumwinua mtu hata siku moja. Aliwazunguka. Jioni alirudi na fyekeo kupunguza vile vichaka vidogo walivyoviacha walipoondoka. Kwa hiyo uwanja ule ulikuwa na madoa ya nyasi ndefu mchana kutwa, na wasimamizi wote waliopita walimwacha hivyo hivyo, walijua ndivyo alivyo.

Mimi ni fundi magari. Nina gereji yangu ya bati nyuma ya kituo cha mafuta, na ufundi wangu ulianzia chini ya trekta lile, nikimpa baba spana na yeye akinisifia kana kwamba nimezifua mwenyewe. Nilipofungua gereji alinitangaza hospitali nzima. Gari la wagonjwa likikohoa tu, baba alishafika dirishani kwa dereva: "Mpelekee binti yangu." Akaniletea wateja hata nisiowataka. Nina hasira za karibu, najijua, na kitu kikinikatalia na mimi nakikatalia, lakini mbele ya baba nilikuwa fundi kweli kweli.

Basi akaja msimamizi mpya. Kijana, msafi, ana kalamu mbili mfukoni. Sitamsema vibaya. Alimwamkia baba shikamoo kila asubuhi na alimaanisha. Lakini alikuwa na macho, na macho yake yaliona matone meusi kwenye saruji mbele ya mapokezi, na nyasi zilizokauka penye mistari trekta lilikopita. Akamwita baba.

"Mzee wangu, hili trekta linavuja. Hapa wanapita wagonjwa. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ulitengeneze. Likivuja baada ya hapo nitaliondoa, italetwa mashine mpya na dereva wake, na sitakuwa na mahali pa kukuweka."

Baba alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Watu wa umri wake wana mashamba, wana vijiwe, wana ugomvi wa mipaka wa kuwaburudisha. Baba hakuwa na hivyo. Alikuwa na nyasi. Alipotueleza maneno ya bosi wake hakula, na mama hakutania.

"Baba, hiyo ni sili tu," nikamwambia. "Lilete kesho."

Sili ni pete ya mpira inayokaa pale shafti ya gurudumu inapotokea nje ya gia boksi. Kazi yake ni moja: shafti izunguke, mafuta yabaki ndani. Ikizeeka inakauka mdomo, na mafuta yanapita. Nikalipandisha trekta kwenye jeki, nikatoa magurudumu ya nyuma, nikazing'oa sili za zamani kwa bisibisi. Zilikuwa ngumu kama ukucha. Nikasafisha, nikapaka mafuta kidogo, nikaingiza mpya kwa kipande cha bomba la plastiki na nyundo ya mpira, taratibu, zikae sawa pande zote. Kazi safi. Hata leo nasema ile ilikuwa kazi safi.

Nilipokuwa naosha gia boksi nikaona juu yake tundu dogo, la kuingia ncha ya kidole cha mwisho. Kofia yake ilikuwa imepotea. Nikasema ala, kumbe mzee kila jioni anaingiza maji na vumbi humu kwa mpira wake. Nikatafuta boliti inayoenea, nikaizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba, nikaikaza. Baba akainama kuitazama.

"Hapo mimi nisingepaona," akasema.

Nikavimba kichwa. Tukaliwasha, akazunguka nalo uani kwangu dakika kumi. Kavu. Akaondoka nalo barabarani akipunga mkono, na trekta lile halina mwendo, kwa hiyo alipunga muda mrefu sana.

Siku ya tano akanipigia simu. Alianza kwa kuuliza habari za wateja, habari za jirani, habari za mvua. Nikajua.

"Linavuja?"

"Kidogo tu, mama." Baba aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Upande mmoja kidogo. Na upande wa pili kidogo."

Zamani lilikuwa linadondosha tone moja moja upande wa kushoto. Sasa lilikuwa linavuja kote kuwili, na kwa wingi. Nikaenda huko mwenyewe. Nilipofika lilikuwa limepoa na limekauka, kwa hiyo nikaliwasha, nikazunguka nalo robo saa, nikalala chini kuangalia. Hakuna kitu. Lakini madoa yalikuwa pale kwenye saruji, baba alikuwa ameyamwagia majivu. Sikuelewa.

Nikamlaani muuza vipuri. Nikasema ameniuzia sili za bandia, nikamfuata dukani kwake nikamwambia maneno ambayo baadaye nilirudi kumwombea radhi. Nikanunua kwa mwingine, za bei mbaya. Nikafungua tena, nikasugua shafti kwa msasa laini mpaka ikang'aa, nikaingiza sili mpya. Juu, boliti yangu ilikuwa imetulia mahali pake. Niliifuta kwa kitambaa.

Zikapita siku tatu, simu ikalia. Habari za wateja, habari za jirani.

Mara ya tatu nikabadilisha beringi, kwa sababu beringi ikichoka shafti inacheza na sili haiwezi kuishika. Beringi hazikuwa mbovu. Nilizibadilisha tu kwa kuwa sikuwa na lingine la kufanya, na mtu akishafika hapo si fundi tena, ni mpiga ramli. Nilikuwa naamka nikifikiria shafti. Wateja wangu wananieleza mambo ya breki zao, mimi nawaitikia huku nawaza mafuta yanapitaje. Nilimkaripia mama kwa kuniuliza tu kama mwenzake amepona. Baba ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi, fikiria.

"Kitu cha zamani kina ukaidi wake," aliniambia. "Wewe umefanya yote."

Nilikuwa sijafanya chochote. Yaani kadiri nilivyolitengeneza ndivyo lilivyozidi kuvuja, na mwezi ulikuwa umebakiza siku sita.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na nyasi zimepanda mpaka vifundoni mwa watu. Likatoka jua, baba akaingia kazini saa moja asubuhi na hakushuka mpaka adhuhuri. Alikata uwanja mkubwa wote, akapita nyuma ya maabara, akamalizia kwa kuvuka njia ya saruji, ile yenye mteremko inayotoka wodi ya upasuaji. Hakuona alichoacha nyuma yake. Dakika chache baadaye akapita muuguzi mwanafunzi amebeba trei, mguu ukateleza kwenye mafuta, akaanguka juu ya mkono wake. Ukavunjika kifundoni.

Baba ndiye aliyefika kwanza. Alimbeba mpaka ndani, kisha akarudi na ndoo na sabuni ya unga, akapiga magoti akaisugua ile njia mbele ya watu wote, na waliponipigia simu nikaenda, nilimkuta bado anasugua mahali palipokuwa peupe tayari.

"Baba, inatosha."

"Mtoto wa watu," akasema. "Ana mtihani wiki ijayo, mama. Atauandika kwa mkono upi?"

Siku ya pili yake msimamizi alimwita. Alimwamkia, akamkalisha, akamwambia apumzike kuanzia mwisho wa wiki. Baba alisema ni haki. Alitusimulia nyumbani kwa sauti ile ile anayosimulia habari za majirani, akamaliza kwa kusema bosi amemuuliza kama ana ombi lolote na yeye amempa. Mama akamuuliza ombi gani. Akasema, "La kizee tu." Hatukumbana.

Mimi ndiye sikuweza kupumzika. Jumamosi nikaenda hospitali, nikamwomba mlinzi anifungulie nyuma ya stoo walipolisukumia trekta. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira nalo, basi. Nikalipandisha kwenye jeki, nikaliwasha, nikaweka gia magurudumu yazunguke hewani, nikapindua ndoo nikakaa nikiyatazama. Nikajiambia leo sitoki hapa mpaka nilione likivuja kwa macho yangu.

Nusu saa, kavu. Saa nzima, kavu. Mlinzi akaja akaniuliza kama nalinda lisitoroke. Ilipopita saa nzima na robo hivi tone la kwanza likatokea kushoto, likafuata la kulia, kisha yakaanza kushuka kwa mfululizo. Nikaweka kiganja juu ya gia boksi, nikakiondoa haraka. Lilikuwa la moto. Nikataka nione mafuta yana hali gani huko ndani, na kilichokuwa karibu na mkono wangu ni ile boliti. Nikaifungua.

Hewa ikatoka. Ilinipuliza usoni, ya moto, yenye harufu ya mafuta yaliyoungua, na ilitoka kwa muda mrefu. Nilibaki nimeishika boliti mkononi. Chini, matone yakapungua. Yakawa moja, kisha likasita lingine, kisha basi.

Nikafuta kila kitu, nikaliacha lizunguke saa mbili nyingine tundu likiwa wazi. Halikudondosha hata tone.

Lilikuwa tundu la kupumulia. Mafuta yakipata moto yanatanuka, na hewa ya ndani inataka kutoka. Kiwanda kiliiachia njia yake pale juu, ikiwa na kakofia. Kofia ilipopotea, mimi nikaona uchafu, nikaziba. Hewa ikikosa njia ikawa inasukuma mafuta kwenye midomo ya sili, zote mbili, mpya, za bandia na za bei mbaya, haikuchagua. Uani kwangu tulizunguka dakika kumi, hapakuwa na moto wa kusukuma kitu. Na haya mambo nayajua. Kwenye magari nimeyasafisha matundu ya kupumulia mara ngapi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikitia mwenyewe na utepe nikakizungushia.

Nilikaa kwenye ile ndoo mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu asubuhi sikwenda gereji. Nilimfuata msimamizi ofisini kwake, boliti iko kwenye mfuko wa ovaroli. Nikamkuta baba yupo, amevaa shati lake la kwendea misibani na harusini, amekuja kukabidhi funguo za stoo. Nikaona bora zaidi, wasikie wote kwa pamoja. Nikaweka boliti mezani, nikaeleza. Sili, tundu, moto, hewa. Nilijisema bila kujibakiza. Nikamwambia yule dada amevunjika mkono kwa kosa langu, trekta ni zima, baba hana hatia, na kama kuna wa kuondolewa hapa ni mimi nisiguse tena gari lolote la hospitali.

Msimamizi akaigeuza ile boliti, akamtazama baba.

"Mzee wangu, ndivyo?"

Baba alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la kumwombea mtoto wako radhi anapopiga kelele ugenini.

"Bosi, msamehe," akasema. "Anaona uchungu. Hiyo boliti niliitia mimi."

"Baba."

"Naliosha kila jioni, watu wote wanajua. Niliona maji yanaingia, nikaokota boliti stoo, nikaziba. Sikumwambia. Angejuaje? Alikuwa anabadilisha sili huku mimi namharibia juu."

"Baba, acha. Bosi, anasema uongo. Utepe ule ni wangu, una—"

"Mwanangu," baba akasema.

Nikamgeukia msimamizi. Nikarudia yote, kwa sauti kubwa zaidi, na kadiri sauti ilivyopanda ndivyo nilivyoona nazidi kufanana na mtoto anayemtetea baba yake. Alinisikiliza kwa huruma. Huruma ile iliniua. Kila nilichokuwa nacho cha kweli nilikiweka mezani pale, na hakikuwa na uzito wowote mbele ya mzee mwenye shati lililopigwa pasi.

"Fundi, nimekuelewa," msimamizi akasema. "Kila mtu angependa kuwa na binti kama wewe. Lakini mzee amesema mwenyewe." Akafungua droo, akatoa funguo mbili mpya kwenye kamba ya buluu. "Mashine mpya imefika jana. Mzee nilimuuliza ana ombi gani, hakuomba kitu kingine. Aliomba wewe ndiye uwe fundi wake, na wa magari yetu yote. Nilikuwa nasitasita kwa ajili ya lile trekta. Sasa nimejua halikuwa kosa lako."

Akanyoosha mkono.

Sikusogea. Nilitaka niseme hapana. Lakini ningekataa, baba angekuwa amedanganya bure, mtu ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata umri wake.

"Pokea, mama," baba akasema polepole. "Usimweke mtu na mkono hewani."

Nikapokea kwa mikono miwili.

Tukatoka nje. Mashine mpya ilikuwa pembeni ya uwanja mkubwa, bado ina karatasi za plastiki kitini, na ndugu wa wagonjwa walikuwa wameshaanza kujaa kwenye mabenchi na vikapu vyao. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Nilikuwa na maneno ya kutosha siku nzima. Lakini baba alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akaizunguka, akainama kuangalia visu, akapapasa huku na huku bila kuipanda.

"Inakata kimo gani?" akaniuliza.

"Sijui, baba."

Akafunua mfuko wa kiti, akatoa kijitabu cha maelezo kikiwa bado kimefungwa kwenye nailoni. Akakipangusa kwa kiganja, akanipa.

"Kisome chote kwanza, mama," akasema. "Kabla hujagusa boliti."

Nikasema, "Ndiyo, baba." Nikalia palepale, nimeshika kijitabu, na watu wa kwenye mabenchi wakasogeana kunipisha nikae, wakidhani nimefiwa.